Kamba ya Shaikha

Bustan, Jumamosi, 12 Novemba 1966

Shaikha ameniandikia kutoka Mombasa kwamba barua zangu ni ndefu na zimejaa manung'uniko. "Niandikie la maana tu, hayo mengine kaa nayo." Basi leo nimevuka mlima hadi Matrah, nikanunua daftari, na hayo mengine nitakaa nayo humu.

Atakayeliokota ajue ni la Suud bin Khalfan wa Kengeja, Pemba, mshika kamba. Huku neno hilo halina maana yoyote. Kwetu hata mtoto analijua. Siku ya mchezo wa ng'ombe, fahali hufungwa kamba ndefu, vijana wakamchokoza kwa magunia na kanga, na ncha ya kamba anayo mtu mmoja tu. Akiilegeza mno, kijana anatumbuliwa. Akiibana mno, ng'ombe anavunjika. Miaka kumi na tisa niliishika, Kengeja mpaka Wingwi, na wanawake wakanitungia nyimbo ambazo Shaikha hakuzipenda hata kidogo. Zizini nilikuwa na ng'ombe thalathini na mmoja. Januari ile ya sitini na nne walikuja watu wenye bunduki wakawachinja wote. Mimi nilipenya mpaka pwani nikapata chombo. Nilitoka na kamba tu.

Kamba yenyewe kaisokota Shaikha, kwa makumbi ya nazi aliyoyafukia matopeni miezi sita kisha akayatwanga mwenyewe. Yeye alibaki kumuuguza mama yake, na binti yetu Kheiria alibaki naye, mpaka walipovukia Mombasa. Babu yangu alizaliwa Qurayyat, si mbali na hapa, na nilidhani kwa hilo nitapokewa kama mtoto aliyerudi. Wananiita Zinjibari, kwa Kiarabu chao mtu wa Zanzibar.

15 Novemba

Joto limeanza kupungua. Hakuna barua.

18 Novemba, Ijumaa

Ng'ombe ninayemtunza ni wa Marhoon, mfanyabiashara wa Matrah aliyekaa Weti miaka kumi akarudi na Kiswahili na ugonjwa wa sukari. Zizi liko ndani ya shamba lake la mitende hapa Bustan. Fahali anaitwa Barki: mweusi, nundu kubwa, paji la uso pana kama sinia.

Huku hawachezi na ng'ombe, wanawakutanisha. Mafahali wawili wanasukumana kwa vichwa, kila mmoja na kamba yake shingoni, na anayegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa. Kamba ni ya kuwaachanisha mambo yakishakwisha. Ukivuta kabla, umekubali kushindwa, hata kama ng'ombe wako ndiye aliyekuwa akishinda. Hapana ngoma, hapana zumari, hapana mwanamke hata mmoja wa kuimba. Leo kiwanjani Sib, Barki kamkimbiza mwenziwe kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, nami sikuwa na kazi ila kusimama.

Wakati wa kurudi Marhoon alifurahi sana. "Suud, Idi mosi Barki anakutana na yule fahali mwekundu wa mji wa Barka. Akimshinda, wallahi naandika barua ya dhamana, mkeo na binti yako waingie."

"Wallahi, Sheikh?"

"Nishaapa, ya akhi. Unataka niape mara ngapi?"

Bila mdhamini hapana kibali, na bila kibali mtu wa Zanzibar hashuki bandarini hapa. Ruhusa ya Shaikha na Kheiria kukaa Mombasa inakwisha mwisho wa Februari. Baada ya hapo watarudishwa Pemba, na nyumba yetu wanakaa watu wengine. Nilihesabu wiki njia nzima kama mwehu.

23 Novemba

Nimegombana na Bakhit, mtu wa Marhoon, aliyekuwa mtunza ng'ombe kabla yangu. Zamani alikuwa baharia wa majahazi ya kwenda Lamu, na Kiswahili chake ni cha majahazini. Anamlisha Barki dagaa wakavu na tende. Nikamwambia ng'ombe si paka. "Huku anakula samaki," akasema, "anapata nguvu." Akaendelea kummiminia. Mtu asiyejua ng'ombe nikimwona namjua.

26 Novemba

Nimemwota Sina Jirani. Alikuwa fahali wangu mkubwa kuliko wote. Mwaka wa hamsini na nane, kiwanjani Kengeja, mguu wake wa nyuma wa kushoto ulianza kuiba hatua, kukanyaga nusu. Niliona. Watu walikuwa wakishangilia, na mimi nilipenda kushangiliwa, nikachelewa kumvuta. Nyonga ilifyatuka kwa sauti waliyoisikia hata waliokuwa juu ya miembe. Shaikha hakusema nami siku tatu. Ya nne akaniambia, "Ukimwona mnyama anavunjika nawe kamba unayo, vuta. Watu wazomee watakavyo." Nilimwapia.

3 Desemba

Upepo wa baridi kutoka milimani. Bi Mahfoudha, shangazi yangu ninayekaa kwake, kaniambia ninakoroma kwa Kipemba.

14 Desemba

Ramadhani imeingia. Ya nne sasa bila mke wangu. Shangazi kapika tambi za sukari, akanitazama nikila, akasema, "Nnakuona unavyotafuna kama unakula mchanga. Hebu kula, mwanangu. Mwakani atakupikia mwenyewe." Nilitoka nje nisije nikalia mbele yake.

21 Desemba

Mungu anisaidie. Leo asubuhi nikimtoa Barki kwenda kumwosha baharini, nimeuona mguu wa nyuma wa kushoto. Hatua mbili nzuri, ya tatu kaiiba. Mtu mwingine asingeona, lakini mimi nimeona miguu ya ng'ombe maisha yangu yote. Ni nyonga. Ni mguu ule ule.

Nilikaa mchangani mpaka jua likapanda. Nikimwambia Marhoon, atamtoa Barki kwenye Idi, na barua imekwenda. Nisipomwambia, zimebaki wiki tatu, na nyonga ya ng'ombe kijana inaweza kupona kwa kukandwa. Nikamrudisha zizini kwa njia ya mchanga laini, maana mchangani kila mnyama anachechemea kidogo. Sikumwambia mtu.

22 Desemba

Bakhit kaja alfajiri. "Leo mimi natoa ng'ombe. Wewe mzee, umefunga, umechoka."

"Kwani wewe hukufunga?"

"Mimi nimezoea."

"Basi nenda kalale uliyezoea."

Kaondoka. Toka leo namtoa mimi, namlisha mimi, namfungia mimi. Nimemlisha Barki hata hao dagaa wake ili asipate sababu ya kuja.

28 Desemba

Nimemkanda nyonga kwa mafuta ya moto na chumvi, siku ya saba sasa. Anasimama kimya, ananiegemea. Hanionyeshi maumivu hapo ninapokanda, na hilo nimelichukua kwa dalili njema.

31 Desemba

Mvua. Makuti ya mtende hayajui mvua, nyumba nzima imelowa. Daftari nililala nalo kifuani.

3 Januari 1967

Barua ya Shaikha. Mistari sita tu, kama kawaida yake. Kheiria ameshaanza kufunga nguo. Kashona kofia mbili, moja yangu, moja ya "huyo Sheikh Marhoon, Mungu amlipe kheri." Mwisho kauliza, "Kamba yangu ingali nzima?"

Nimeishusha ukutani nikaipitisha mkononi, pima kwa pima. Haina uzi uliochomoka. Nimemjibu leo hii hii kwamba ni nzima kuliko mimi.

6 Januari

Leo kaiba hatua mara mbili tu toka zizini hadi baharini. Anapona. Nadhani anapona. Nisipoandika hivi sitalala.

8 Januari

Hakupona.

12 Januari, Alhamisi

Miaka mitatu leo toka mapinduzi. Hapa hakuna anayeikumbuka tarehe hii ila mimi na Bi Mahfoudha, na hatukuitaja.

Kutoka Bustan hapana njia ya gari. Barki ilibidi avuke mlima kwa miguu mpaka Ruwi, lilikokuwa lori la Marhoon. Mawe makali, njia nyembamba. Mimi mbele na kamba, Bakhit nyuma na fimbo. Nilimwomba Bakhit apite mbele, akakataa, kasema nyuma ndiyo kazi yake. Mlima mzima nilikuwa nikisubiri aseme. Tulipofika juu akasema, "Ng'ombe anatembea kama mtu mwenye siri."

Nikamwambia mawe.

"Haya, mawe," akasema. Kama angeniuliza tena ningemwambia yote, naapa. Hakuuliza tena, na mimi nikageuka nikateremka.

13 Januari, Ijumaa, Idi mosi. Sib

Naandika ndani ya lori tupu.

Marhoon alitaka nitumie kamba mpya ya dukani. Nikakataa. Nilimfunga Barki kamba ya Shaikha, fundo langu la Kengeja, na kwa mara ya kwanza toka nilipotoka kwetu nilijiona mtu. Watu walikaa duara mchangani na nguo zao mpya, halua inapita, watoto mabegani. Yule mwekundu wa Barka aliingia. Mkubwa, lakini mnene wa kukaa.

Wakakutana. Sauti ya vichwa ilinifikia mpaka menoni. Wakasukumana, vumbi likawafunika hadi matumboni, na hakuna aliyerudi nyuma. Kamba ya makumbi ina jambo moja ambalo kamba ya dukani haina: inasema. Ng'ombe akitetemeka, mtetemo unapanda unaingia kiganjani. Nilikuwa nikimsikiliza Barki kama daktari. Alikuwa sawa. Alikuwa akishika ardhi. Nilianza kuwaona wakishuka kwenye meli, Shaikha mbele na mkoba wa ukili, Kheiria nyuma yake, mrefu kuliko nilivyomwacha.

Halafu mguu wa kushoto ukanyanyuka na haukushuka.

Ulining'inia. Kamba ikatetemeka mtetemo ninaoujua. Nilisubiri. Nataka iandikwe kwamba nilisubiri. Nilisema moyoni, vunjika basi, vunjika, nataka mke wangu. Nilihesabu moja, mbili, na kabla ya tatu nikaisikia nyonga ya Sina Jirani, ile sauti, kama iko mbele yangu. Mikono haikuniuliza. Nilijitupa nyuma na mwili wote, nikavuta.

Barki akageuka kichwa, yule mwekundu akampita. Mtu akacheka, na duara lote likacheka.

Marhoon alikuja mbio, yeye asiyeweza kutembea bila mkongojo. "Umefanya nini? Umefanya nini, ya Suud?"

"Mguu, Sheikh. Nyonga yake..."

"Nyonga yake ni yangu! Yule mwekundu alishageuza macho. Alikuwa anakimbia! Pumzi moja tu imebaki, nawe unavuta?"

"Angevunjika."

"Wewe ulijua?" Akashusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Ulijua ana mguu, ukaninyamazia?"

Nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema. Nikasema, "Na barua, Sheikh?"

"Barua gani?" akasema, akanipa mgongo.

Barki wamemchukua. Alikuwa akitembea, alhamdulillahi, miguu yote minne chini. Nimepoteza kila kitu lakini huyu mmoja sikumvunja. Ninalishika hilo kwa mikono miwili.

14 Januari. Bustan

Nimerudi kwa miguu. Nimemwandikia Shaikha, maana meli ya barua inaondoka kesho. Nilianza mara nne. Nikimwambia nilivuta, nitakuwa nimemwambia kwamba kati yake na ng'ombe wa mtu, nilimchagua ng'ombe. Kwa hiyo nimeandika: "Barki alikuwa akishinda, kamba ikakatika, na dhamana hakuna." Mstari mmoja, la maana tu, kama anavyopenda.

Nilipokwisha kuipiga gundi nikaona nilichofanya. Nimemtupia yeye lawama. Miezi sita ya matope, viganja vyake vilivyochubuka, na mimi nimesema kazi yake ilikatika. Lakini barua sikuichana. Nilichukua kisu cha Bi Mahfoudha nikaikata kamba katikati, ili uongo uwe na ushahidi wake. Ilinichukua muda mrefu sana. Kamba ilikuwa inakikataa kisu, nami nikilia kama mtoto nikikata.

15 Januari, Idi tatu

Asubuhi Marhoon kaleta nyama ya tanuri kwa majirani wote wa shamba, na sahani moja ikafika kwa Bi Mahfoudha. Nyama iliyofukiwa siku mbili chini ya moto, laini, ina bizari na siki. Nilikuwa sijala toka Ijumaa. Nimekula vizuri.

Baada ya adhuhuri kaja Bakhit. Hakukaa kitako. Alisimama mlangoni, mkono wa kulia kaufumba.

"Mimi nimechinja," akasema. "Marhoon amesema, Ijumaa ile ile. Ng'ombe aliyevutwa, hapana mtu atakutanisha naye tena. Ni nyama."

Sikuelewa mara moja. Niliitazama sahani.

"Nyonga nimefungua," akaendelea. "Nimetazama kwa ajili yako. Nyonga salama. Nyeupe, safi."

"Haiwezekani. Niliona mguu."

Akafumbua mkono. Kiganjani ulikuwamo mwiba wa mtende, mrefu kama kidole changu cha mwisho, umekatika upande mmoja, mweusi kwa usaha. "Huu ulikuwa kati ya kwato. Umeingia ndani. Huku ng'ombe akichechemea, kwanza tunatazama mwiba. Mtoto anajua. Unalaza ng'ombe, unachomoa, siku mbili anacheza." Akanitazama, na naapa hapakuwa na ubaya machoni mwake. "Kwa nini hukuniambia mimi, mzee?"

Kwetu mikarafuu haina miba. Siku ishirini na mbili nilimkanda nyonga nzima, nikamficha asionwe na mtu pekee ambaye angemponya kwa kumwinua mguu. Huyu niliyesema hajui ng'ombe. Nilimfukuza alfajiri asije akamtoa, na angemtoa angeona, na angeona ningekuwa leo nangojea meli.

Bakhit aliuweka mwiba juu ya daftari, akanipa pole ya mkono kama ya msibani, akaenda zake.

16 Januari

Meli ya barua iliondoka jana.

24 Januari

Nafagia ghala la mtu Matrah. Mitaani wananiita Mvuta.

2 Februari

Mvua. Hakuna barua.

9 Februari

Bakhit alipita njiani akanisimamisha, akaniuliza kama nimekula. Sikujua niufiche wapi uso wangu.

20 Februari, Jumatatu

Imefika. Naiandika hapa yote, maana karatasi yake nyembamba na nimeshaikunja mara nyingi.

"Suud, salaam. Umesema kamba imekatika. Kamba ile nimeisokota mie, haikatiki. Umeivuta. Nnakujua toka Sina Jirani. Nimelia siku moja, wala sikufichi. Ya pili nikasema, mume wangu aliniapia na kaishika ahadi yake, basi nimlaumu kwa lipi? Sisi tunarudi Pemba kwa meli ya tarehe ishirini na tano, mama mdogo atatupa chumba. Kheiria anakusalimu. Kofia yako nimempa mtu anayekuja huko, ya Sheikh Marhoon nimeiuza. Usinidanganye tena, hatuna umri huo. Niambie la maana tu: ng'ombe alipona?"

Nimekaa na karatasi toka adhuhuri, vipande viwili vya kamba vikining'inia ukutani na mwiba ukiwa mbele yangu. Nimeandika jina lake na salaam. Naweza kumwambia alipona, akarudi Pemba akijua kakosa kuja huku kwa sababu njema, kwa kuwa mumewe alishika ahadi. Lakini kasema nisimdanganye tena. Kila nikianza kuandika ukweli, mkono unafika kwenye siku ya Idi tatu, kwenye sahani ile, na unasimama hapo.

Nyama ilikuwa laini, Shaikha. Niliomba kuongezwa.